Roboti Linalojua Kupiga Magoti

Mitsuharu,

Wali umo kwenye jiko la umeme. Supu ipashe tu, usiichemshe. Leo ni siku ya taka za plastiki, na roboti lako la kuchezea, hilo la kuunga vipande vya plastiki, lilikuwa liende nazo.

Asubuhi ulilisimamisha kando ya bakuli langu ukasema, "Haya mzee, taja kasoro zake!" Nilikuwa na chakula mdomoni. Sasa sina. Mabega kama kabati, kichwa kama punje ya njegere. Nyonga zimelegea, ukiliinua mguu mmoja linaanguka kama mlevi. Kila kipande kina kovu pale ulipokikata kwenye fremu ya plastiki kilimokuja. Una miaka arobaini na bado hujui kupiga msasa. ~~Rangi umeipatia.~~ Rangi ni ya mkebe wa dawa ya mende.

Magoti, nakubali, ni kazi safi. Ulilipigisha magoti pale mezani ukachekelea, "Ona Baba, mpaka makalio yanagusa visigino!" Kisha ukakimbilia kazini. Nilikuwa nimevaa suti nyeusi. Hata hukuniuliza naenda wapi.

Naenda hekaluni. Leo ndiyo kumbukumbu ya siku aliyokufa mama yako.

Roboti usilitafute. Nimeliweka mbele ya picha yake, limepiga magoti, viganja juu ya mapaja. Udi nimeuwasha. Magoti yangu mimi hayakunjiki tena, na yako hujayakunja pale tangu tumzike. Liache hapo hapo. Mama yako hatimaye amepata mtoto.

Baba