Nyundo Yuko Jikoni kwa Mama

Ndila, uko? Nimefika kwa mama, huku Wamunyu, saa hii na nimekuta mwanaume jikoni anatoa mbaazi kwa maganda.

Na si mwanaume tu. Ni Nyundo. Yule wa mieleka Machakos, yule mbaya, anayekalia wenzake shingo mpaka watu wanamrushia chupa. Unakumbuka Jumamosi mama alienda mpaka kwa kamba za ulingo akampiga kofi? Huyo huyo. Amefunga leso ya mama kiunoni.

Nikamuuliza anataka nini hapa. Akaniita dada, akanipa kiti. Mimi, kwetu, napewa kiti.

Nikavuta mama kando nikamwambia huyu anataka shamba. Watu hawawi wazuri hivi bure. Machakos nzima inasema ati akitoka ulingoni ni mpole, ati hubebea wamama maji. Sasa si hiyo ndiyo mbinu yenyewe?

Mama hata hakuniangalia. Akasema, "Nilimpiga mbele ya watu wote. Mchezo ulipoisha akanitafuta, akaniuliza kama mkono umeniuma."

Kama mkono wa mama umeuma. Na aliyepigwa ni yeye.

Halafu mama akaniambia, "Huu mkono unaniuma tangu mwaka jana. Wewe umeniuliza lini?"

Nimetoka nje. Niko hapa kando ya tangi nakuandikia. Namsikia Nyundo anaosha sufuria, anasugua masizi mpaka chini.

Ndila, nani huosha sufuria ya wenyewe mpaka chini? Huyu mtu anataka kitu.