Makopo Matano ya Mchanga Ambayo Sikuyabeba

Kaka Elias,

Kabla hujaendelea, nakuomba utoke nje ukakae peke yako. Usimsomee mama yako, usimsomee dada yako Imakulata, na ukimaliza uichome karatasi hii. Neno lolote lililomo humu lisitoke kinywani mwako. Bado niko kwenye miezi ya majaribio pale ghalani, na kazi yangu unaijua: gunia la mpunga likiwekwa kwenye mizani, mimi ndiye ninayesoma uzito kwa sauti, na mkulima anaondoka na kile nilichokisema. Ikisikika kwamba karani yule aliwahi kudanganya uzito, hata uzito wa mchanga, nani atasimama tena mbele ya mizani yangu?

Unakumbuka ile nafasi nyuma ya vyumba vyetu Makanyagio, kati ya choo na kamba ya kuanikia nguo? Siku moja ulirudi kutoka kwenye ujenzi na ndoo ya zege lililobaki. Ukalimimina kwenye makopo mawili ya rangi na kuchomeka humo bomba la maji, kopo moja huku na jingine kule. Mama mwenye nyumba alikuja akatuuliza kama tunamjengea choo cha pili bila kumwambia. Ulimjibu kwamba unamtengeneza karani awe mtu.

Vijana wa mtaa wa chini walikuwa wananyanyua vyuma kila siku, mizunguko isiyo na idadi, mpaka mmoja akashindwa kuinua kikombe cha chai. Wewe hukutaka hivyo. Uliniambia, "Mimi nawabebea mafundi zege siku sita. Nikiumia hapa, kesho nakula nini? Tafuta utaratibu wa watu wenye akili, wewe si umesoma?"

Nikautafuta kwenye simu, nikaunakili kwenye daftari kwa mwandiko ule uliokuwa unausifia. Siku mbili tu kwa wiki. Kupasha mwili kwanza na bomba tupu. Kuchuchumaa, kuvuta kutoka chini, kusukuma juu; kila zoezi seti mbili, basi. Ukifikisha mara nane mgongo ukiwa umenyooka, wiki inayofuata unaongeza kopo moja la maziwa la mchanga kwenye vifuko vinavyoning'inizwa kila upande wa bomba. Mgongo ukipinda, huongezi. Ukisikia maumivu, unarudi nyuma makopo mawili na huoni aibu. Hilo la aibu niliongeza mimi.

Ulicheka sana wiki ya kwanza. "Kopo moja? Hiyo si chumvi ya mboga? Hata kuku anabeba hiyo." Lakini miezi miwili baadaye ulinionyesha jinsi unavyopanda ngazi na ndoo mbili bila kuguna, na kutoka kila jumba ulilojenga ulikuwa unarudi na simulizi ya jinsi msimamizi alivyokushangaa.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Kila mtu alikuwa na vifuko vyake, na vyangu nilivifunga mwenyewe. Nilifika makopo tisa, nikakwama. Wiki tatu mfululizo magoti yalitetemeka na mgongo wangu ukapinda. Daftari lilisema nisiongeze, na kukwama hakukuwa kosa. Lakini ulikuwa umeshaanza kunitania mbele ya wapangaji, "Karani wa kalamu, mkono wako unaandika vizuri, kunyanyua bado," na mimi, kaka, mambo kama hayo yananiingia. Nilichukua pumba za mpunga, nikazichanganya na mchanga mpaka vifuko vikajaa kama vya mtu aliyeendelea. Nikaandika kumi. Wiki iliyofuata kumi na moja. Mikononi mwangu yalikuwa yale yale tisa, na kuna siku hayakufika.

Hukunishuku hata kidogo. Uliniangalia ukasema, "Nyie wa ofisini mna siri," ukaenda kwenye vifuko vyako na kuongeza.

Alhamisi ile ulikuja umeshika kiuno. Ulisema, "Mgongo unanivuta tangu juzi." Nilikuwa na daftari mkononi, na sheria ilikuwa mbele ya macho yangu. Niliisoma, lakini kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayetaka asisikike. Ukaniuliza, "Wewe leo uko ngapi?"

Nikasema kumi na nne.

Ulivitazama vifuko vyangu. Halafu ukasema, "Kama karani yuko kumi na nne, mimi nirudi nyuma niende wapi?" Ukashika bomba, ukalivuta juu, na mgongo ukapinda. Hukupiga kelele. Uliliweka chini taratibu, ukakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ukaniambia kwamba mguu wa kushoto huusikii vizuri. Hata nilipokushika bega kukupeleka kwa daktari, vile vifuko vyangu vya pumba vilikuwa pale chini, na nilivisogeza kwa mguu visije vikakanyagwa vikapasuka.

Siku unaondoka kwenda nyumbani kwenu Kasekese ulinipa mkono kwenye dirisha la gari ukasema, "Mwili wangu ni mbovu tu, Karani. Wewe endelea." Nikakupa daftari liwe ukumbusho. Nilidhani natoa zawadi.

Jumamosi iliyopita nilikutana na Imakulata sokoni akiuza maharage. Alifurahi kuniona. Akaniambia unatembea vizuri, umemwaga zege jipya, na umelifungua lile daftari. "Anasema masika hayaishi kabla hajakufikia," akasema, "anataka makopo yako kumi na nne." Nilinunua maharage ambayo sikuyahitaji, nikaondoka. Tangu siku hiyo nikila sishibi. Kila mkulima akiniuliza, "Karani, ni kilo ngapi?" ulimi unakuwa mzito.

Kaka, hakuna kumi na nne. Sijawahi kuibeba. Mtu unayemfukuzia hayupo mbele yako, yuko nyuma, na wewe ulishampita zamani. Mwili wako haukuwa mbovu. Ulikuwa umeniambia ukweli kwamba umechoka, na mimi nikaukalia kimya. Chana kurasa zangu zote. Kama mguu unakufa ganzi hata kidogo, acha kabisa mpaka daktari aseme. Akikuruhusu, anza na bomba tupu, na uongeze kwa kuusikiliza mgongo wako, si mwandiko wa mtu.

Usinipigie simu, mchana iko mezani pale ghalani na msimamizi huipokea. Ghalani usije. Mpe Imakulata neno moja tu kwamba umeacha, naye atanikuta sokoni Jumamosi saa nne, upande wa wauza dagaa. Ukitaka kunitukana uso kwa uso, chumba ni kile kile, nipo Jumapili baada ya ibada. Jumamosi mbili zikipita kimya, nitapanda gari la Kasekese, niyaseme haya yote mbele ya mama yako, na kazi iende inakokwenda.

Mdogo wako wa chumba cha pili,
Karani