Imondo ya Huku Mlimani

Nekesa dadangu,

Habari ya Tongaren? Mmemaliza kupalilia? Mji huu kwenye picha niliuchagua mimi, tena kwa macho tu, kupitia dirisha la treni. Wenzangu wa kozi ya kilimo walitaka tuende moja kwa moja Roma. Mimi nikaona nyumba zimeng'ang'ania mlima kama Kapsokwony, nikasema, "Tushuke hapa." Wakanung'unika, "Ati huko juu kuna nini?"

Stesheni iko chini kabisa, kwa hivyo tulipanda kwa miguu. Wao walihema njia nzima, mimi nilikuwa naimba! Kule juu tukapata hoteli ndogo ya mama mmoja na mumewe. Mama akauliza ni nani ametuleta. Wote wakaninyooshea kidole, basi akaniwekea mimi sahani ya kwanza: firigisi za kuku, zimepikwa na nyanya. Imondo, Nekesa! Ile tumeosha na kupika tangu utotoni bila hata kuilamba, kwa sababu ni ya wanaume. Nikamtazama yule mzee nikidhani ataivuta. Yeye alikuwa anaguguna shingo, ametulia. Nikala zote, nikapangusa na mchuzi kwa mkate. Sasa wenzangu wanasema safari ijayo nichague tena.

Nisalimie watoto, na Mungu awatunze mpaka nirudi. Najua Baba ndiye huenda posta, na postikadi haina bahasha. Baba, salamu nyingi. Ni tamu kweli.

Naliaka