Ningu Wamekwama Kivukoni

Jumanne, 11 Machi 2025
Bariadi. Tumegombana tena! Athanasi, mtaalamu wa maji, anasema mto Simiyu umepungua maji, basi. Mwandu wa udongo anasema umejaa mchanga. Mimi wa samaki nasema ningu hawapandi tena kuzaa. Kila mtu na mto wake! Nikawaambia kesho gari moja, wote majini. Wamecheka — ila wamekubali.

Jumatano, 12 Machi 2025
Tumepata! Chini ya kivuko cha ng'ombe nyavu zilijaa ningu, mayai tele tumboni. Juu yake — hakuna hata mmoja. Athanasi akapima: maji yanasambaa pale, hayafiki kifundoni. Mwandu akaonyesha ukingo: kwato zimeubomoa, mchanga wote umeingia mtoni. Tukatazamana. Jibu lilikuwa moja, kila mtu ameshika kipande chake! Nimepiga kelele kama mtoto.

Halafu nikakumbuka. Kivuko ni cha kijiji chetu. Ng'ombe wengi ni wa baba.

Jumamosi, 15 Machi 2025
Nyumbani. Nimemwamkia baba, "Mwadila, baba." Kaitikia vizuri. Nikaeleza: kivuko kifungwe, ukingo uote nyasi, ng'ombe wanywe lamboni. Akauliza kama nimesomeshwa ili nije kufukuza mifugo yake. Mama kaendelea kupepeta mtama.

Jumatano, 19 Machi 2025
Mkutano wa kijiji, uwanja wa shule. Athanasi kasema, Mwandu kasema, mimi nikaunganisha yote kwa Kisukuma. Watu wanasikiliza! Sijawahi kujivunia kazi hivi. Jenipha, anayeuza samaki Lamadi, akasema ningu siku hizi sokoni ni wa kutafuta.

Mtu akadakia: waanze ng'ombe wa baba yake!

Baba akasimama. "Huyu Minza ni wangu," akasema. "Wasomi hawa kila mmoja alikuwa na lake, kawakalisha pamoja yeye." Kisha akanigeukia: "Kiangazi lambo likikauka, ng'ombe wanywe wapi?"

"Hilo hatulijui, baba," nikasema. "Tunahitaji mtu wa mifugo."

Mvua ikashuka, kubwa! Wote tumejibana darasani, mwenyekiti anasema ikipungua tu, mikono juu, kivuko kifungwe au kisifungwe. Naandika nimeegemea dirisha. Baba yuko pale mbele, ameshika chaki, anachora ubaoni njia za ng'ombe. Mwandu anauliza, Athanasi anauliza, baba anafuta, anachora upya. Sasa ananiita —