Figo ya Baba Haikuwa Imechoka

Mama yetu Loisi, mwaka umetimia tangu tukuzike Mvumi. Leo jioni tutakusalia hapa nyumbani Makole kama ulivyopenda, bila spika na bila hotuba ndefu.

Tunakukumbuka kwa mlenda wako wa kukausha, ambao majirani walikuja kuuomba wakiwa na bakuli tayari mkononi. Ulipoanza kusafishwa damu kwa mashine na daktari akakupunguzia maji ya kunywa, ulikuwa ukisukutua na kutema, kisha unasema, "Nimekunywa na sijanywa." Wodi nzima ilicheka. Yule bibi wa kitanda cha pili alipokosa mtu wa kumletea chakula, uji wetu ukawa wenu wawili.

Lakini mwaka huu, Mama, tumejua jambo, na hatuwezi kukuandikia kana kwamba hatulijui.

Daktari alipotuambia kwamba hutapandikizwa figo mpaka ndugu ajitolee, Baba alisimama kabla hata maneno hayajaisha. Akapimwa. Siku ya majibu uliingia wewe kwanza, ukakawia sana humo ndani. Baba alipoitwa aliambiwa tu, "Mzee, upasuaji hatutaufanya." Baba si mtu wa kumhoji daktari. Akakuuliza wewe, pale nje kwenye benchi.

"Baba Penina, figo yako imezeeka," ukamwambia. "Wanataka ya kijana. Tumngoje mwanao Denis amalize chuo."

Tukaamini. Nani asingeamini? Baba alikuwa na miaka sitini na sita, na sisi sote tulidhani figo ya mzee lazima iwe imechoka. Ukaanzisha na utani: "Mwili wake wote mnauona mzima, figo ndiyo imekwisha kama tairi la baiskeli yake!" Tulicheka, na Baba akacheka kuliko sisi sote. Denis kila alipopiga simu ulimwambia amalize mtihani kwanza. Alipomaliza, ukamwambia apumzike kwanza. Misimu miwili ya mvua ikapita, nawe ukipungua mbele ya macho yetu.

Siku ya mazishi, wasifu wako uliposomwa, kanisa zima lilisikia kwamba mumeo alijitolea ila umri ukamkatalia. Watu walimshika mkono. "Pole, mzee mwenzetu. Uzee hauna adabu." Tangu hapo, akiombwa hata kusogeza meza, hujibu, "Mwiteni kijana. Mimi nilishapimwa."

Mwezi uliopita alikwenda hospitalini kwa ajili ya macho. Stara, yule muuguzi uliyekuwa unamtania kwamba utamwozesha Denis, akamwona kwenye foleni.

"Shikamoo, Mzee Kefa. Figo zako mbili hazijambo?"

"Marahaba, mwanangu. Zipo, hizo mlizozikataa."

"Nani alizikataa? Daktari alisema yako inafaa. Nilikuwepo. Alimwambia Mama, 'Kwa umri wako, figo ya mzee mwenzio iliyopo leo ni bora kuliko ya kijana unayeanza kumngoja.' Mama ndiye aliyekataa. Alisema, 'Mume wangu nilimkuta mzima, sitamwacha nusu.'" Kisha akauona uso wa Baba. "Mungu wangu. Nilidhani unajua, mzee."

Baba alirudi bila kupimwa macho. Penina akamtengea ugali, yeye akausogeza pembeni.

"Kukataa angekataa," akasema. "Mwili ni wake. Lakini aliniacha nicheke."

Hilo ndilo linalotuuma, Mama. Pengine uliogopa tusije tukawazika nyote wawili. Pengine ulimwona Baba akipelekwa chumba cha upasuaji, moyo ukagoma. Hatuna haraka ya kukuhukumu, maana hatukulala kitandani kwako. Ila uliamua peke yako, kisha ukatukalisha sote kungoja. Denis anaamini kwamba hata yake usingeipokea. Anasema muda wote ule alijiona mtu aliyechelewa treni, kumbe treni yenyewe haikuwepo.

Tulitaka kuyaacha haya yaishie ndani ya nyumba. Mwanao Elieza alisema maneno ya wafu hayaanikwi uani. Baba akamjibu, "Mimi si mfu, na langu lilianikwa kanisani."

Kwa hiyo ametuomba kitu kimoja tu: yaliyosomwa siku ile yasahihishwe mbele ya watu walewale. Basi ndugu, jamaa na washarika wa Mvumi na Makole, wasifu ule ulikosea. Figo ya Kefa ilikuwa inafaa. Aliitoa kwa moyo wake, na mkewe akaikataa.

Mama, unakumbukwa na mumeo Kefa. Wanao Penina, Elieza na Denis. Dada yako Paulina. Na wajukuu zako wote. Tulikuwa tumeandika "mumeo mpenzi," Baba akatuzuia.

"Andikeni mumeo, basi. Hilo lingine nitamwambia mwenyewe tukionana."

Hatutakusahau, Mama, hata siku ambazo tumekukasirikia.