Asiyemeza Mate Hang'olewi

Kwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Pokea salamu zangu, nzito kama mzigo wa kuni, na ukishazitua umpe wifi fungu lake na watoto lao. Waambie shangazi yao bado mkali. Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepona? Mimi mwili haujambo. Ya nyumbani nitayaeleza kwa mpangilio, nawe usiruke mistari kukimbilia mwisho, maana nakujua tangu unatambaa. Ningepiga simu, lakini kila nikimtaja baba mtandao wako hukatika. Barua haikatiki.

Kwanza, nimeongezewa kazi. Wakubwa wetu walichoka kuona wagonjwa wa meno wakisafiri mchana kutwa kumfuata daktari mmoja, basi wakatuita wauguzi wa zahanati za vijijini tufundishwe huduma ya dharura: kupiga sindano ya ganzi, kung'oa jino lililooza, kupasua jipu la ufizi, kuzuia damu, na hasa kumtambua mgonjwa tusiyepaswa kumgusa. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja daktari wa meno, mfupi, sauti kama king'ora, tukambandika jina Bibi Ganzi. Tulijifunzia kung'oa kwenye taya za mbuzi kutoka buchani, kisha akatuamuru tuchomane sindano sisi kwa sisi ili tuonje tunachowapa watu. Mdomo wangu ulilegea upande mmoja, chai ikawa inaingia huku na kutokea kule, na wenzangu wakanicheka mpaka ilipofika zamu yao.

Somo lililonivunja lilikuja baadaye. Bibi Ganzi alichora shingo ubaoni, akasema uvimbe wa jino ukishashuka chini ya taya pande zote mbili, ulimi ukainuka, sauti ikabadilika na mgonjwa akashindwa kumeza mate yake mwenyewe, hapo tatizo si jino tena. Ugonjwa umeshaingia shingoni na unaziba njia ya hewa. Akatuimbisha kama watoto wa chekechea kwamba asiyemeza mate hang'olewi, anakimbizwa hospitali. Wenzangu waliimba. Mimi nilitoka nje, nikashika ukuta, nikalia.

Sikuwa naona mchoro, mdogo wangu. Nilikuwa namwona mama kwenye kigoda uani, kitambaa kimelowa mate kidevuni, anaongea kama mtu mwenye tonge mdomoni. Mvua ilikuwa imelibeba daraja la kwendea hospitali, na baba ndiye aliyekuwa akiwang'oa watu meno kijiji kizima kwa koleo lake. Hakutaka. Mama ndiye aliyemshurutisha. Mimi nilichemsha maji, baba akashika koleo, na wewe, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, ukamshika mama kichwa. Jino lilitoka. Jua halijazama, mama akakata roho. Msibani ulisimama mbele za watu ukamwita baba muuaji, naye hakujibu neno. Ukaondoka, na mpaka leo hujarudi.

Nilimwuliza Bibi Ganzi juu ya mgonjwa wa namna hiyo, bila kumwambia ni mama wa nani. Alisema kwa hali ile, na daraja hakuna, asingeiona kesho yake hata kama asingeguswa na mtu. Kisha akanitazama, akanipa leso. Nadhani alielewa.

Niliporudi, wagonjwa walimiminika zahanati, ila baba hakuja. Nami ndiye ninayempikia, nilikuwa namwona anatafuna upande mmoja na kusukuma sahani. Nikimwuliza, anasema uzee. Mwishowe nilimburuta, nikamkalisha kitini, nikamtania kwamba leo mng'oaji atang'olewa. Akacheka kidogo. Meno hayakuwa na neno. Nikauinua ulimi kama nilivyofundishwa, na ubavuni mwake nikakuta kidonda kigumu, kingo nyeupe. Hospitali kubwa walichukua kipande wakakipima. Ni saratani. Mficha maradhi kilio humuumbua, na baba ameificha tangu mavuno yaliyopita. Anasema aliyemuumiza mama kinywani hana haki ya kulalamikia kinywa chake.

Hapo ndipo nilipomweleza yote niliyofundishwa, neno kwa neno, pale pale kwenye benchi la hospitali. Nilidhani atalia kwa kutuliwa mzigo. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kama wewe umeshaambiwa. Nilipomjibu bado, alinigombeza kwa kuchelewa, kisha akanifungulia moyo. Alisema siku ya mazishi alikuona kando ya kaburi ukiitazama mikono yako, unaisugua kwenye suruali kama ina uchafu usiotoka. Ulipomwita muuaji, akaona afadhali umchukie yeye kuliko ukajichukia mwenyewe. Ndiyo maana alinyamaza. Amenyamaza miaka yote hii, watu wakimnong'ona hata sokoni, naye akiwaitikia salamu.

Nimekasirika sana, sijui namkasirikia nani. Lakini wewe sikia kwa dada yako: mikono yako haikumuua mama. Ya baba pia haikumuua.

Sasa ule mwisho niliokukataza kuukimbilia. Mwezi huu ukiisha watamkata ulimi, karibu wote. Daktari hakunificha. Huenda akaishi, lakini maneno ya kueleweka hatakuwa nayo tena. Baba aliomba wasubiri mpaka uje, nami nikakataa, kwa sababu ugonjwa haungoji mtu. Nikamwomba aniambie mimi hayo anayotaka kukuambia, nikuandikie humu. Amekataa katakata. Anasema si yangu. Asubuhi, akidhani nimeshakwenda kazini, namsikia uani anayajaribu. Anaanza na jina lako la utotoni, analirudia mpaka litoke vizuri, halafu anashusha sauti na mengine siyasikii.

Wasalimie wote hapo kwako, mkubwa kwa mdogo. Mwambie wifi asihangaike kukufungia mizigo wala zawadi. Njoo na mikono yako tu.

Ni mimi dada yako,
niliyechemsha maji.