Suruali Hazikupwaya

Jumatatu, 4 Machi

Tumekwenda kwa wakili. Hatimaye! Ofisi iko ghorofa ya tatu na lifti imekufa, kwa hiyo Mwalimu amepanda ngazi kwa awamu, kila akichoka anajifanya anasoma matangazo ukutani. Mume wangu huyo. Hata kuhema anahema kwa heshima.

Wakili ni mdogo, angeweza kuwa binti yetu. Viatu vipya vinambana, nimeona alivyovivua chini ya meza. Nikampenda hapo hapo. Ametusikiliza bila kutukatiza: damu chooni, tumbo kusokota, Daktari wa Miwani kusema ni bawasiri, marhamu, ale mboga, anywe maji. Tumekwenda kwake mara tatu katika miezi kumi na minne, na mara tatu jibu ni lile lile. Hata siku moja hakumwambia apande kitandani ampime. Hospitali nyingine ndiyo iliyoingiza kamera Agosti iliyopita ikaona — saratani ya utumbo mpana, na imeshafika kwenye ini.

Wakili akamuuliza Mwalimu anataka nini. Nilidhani atataja dawa, maana dozi zilizobaki hatujui tutazipata wapi bila fidia. Akasema anataka waandike kwamba walikosea. Yeye akikosea ubaoni hufuta akaandika upya, darasa zima likiona. Basi na wao wafute.

Muda wa kufungua madai unakwisha Juni. Tumewahi, kidogo tu.

Jumamosi, 9 Machi

Mfuko wa tumboni, ule wa kupokea choo tangu upasuaji, umepewa jina. Mwalimu anauita Mkuu wa Shule, kwa sababu unanguruma wakati wowote na hakuna wa kuunyamazisha. Leo wageni wamekaa sebuleni, Mkuu wa Shule akahutubia. Mwalimu akasimama wima kama mwanafunzi mpaka hotuba ikaisha! Tumecheka mpaka machozi. Baadaye nilimbadilishia mfuko, naye akiangalia dirishani muda wote.

Jumatano, 13 Machi

Faili limetoka hospitalini. Wakili amepiga simu kwa furaha. Mara ya kwanza, Juni: kilo 82. Mara ya pili, Novemba: kilo 82. Mara ya tatu, Aprili: kilo 82. Mizani ya pale ilikuwa mbovu mwaka mzima, kumbe nesi alikuwa anamuuliza mgonjwa uzito wake na kuandika atakachoambiwa! Wakili anasema hata gunia la sukari likikaa stoo miezi kumi hupungua, sembuse mgonjwa.

Mwalimu akacheka. Binti yetu akapiga makofi. Na mimi nikacheka, nikaenda zangu kwenye cherehani, nikashona zipu ya sketi ya mteja nje-ndani. Miaka ishirini na sita ya ufundi, sijawahi.

Jumatano, 20 Machi

Barua ya upande wa pili. Wakili ametusomea taratibu. Wanasema mgonjwa aliulizwa waziwazi kama amepungua mwili. Alijibu hapana, nguo zake zinamkaa vilevile. Imeandikwa kwenye faili, kwa mkono wa nesi. Kwa hiyo, wanasema, mgonjwa mwenyewe alificha dalili, na daktari hana kosa.

Alificha! Mwalimu aligonga meza, chai ikamwagika kwenye karatasi za watu. Hajawahi kuficha kitu. Alisema kweli. Nguo zilimkaa, na atasema hivyo hivyo popote watakapomwita.

Kweli alisema kweli.

Jioni wifi yangu, dada yake Mwalimu, amekuja na hasira zake. Nesi aliyeandika yale tunakaa naye mtaa mmoja. Wifi akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikainuka kwenda jikoni, nikasimama tu huko mbele ya sinki, sina ninachoosha.

Ijumaa, 22 Machi

Sasa niandike. Nisipoandika hapa nitaandika wapi?

Mama mkwe alikufa amekwisha, mifupa mitupu. Kisha shemeji yangu mkubwa, vilevile. Mwalimu aliwauguza wote wawili. Alikuwa anasema kwa mzaha, siku nguo zikinipwaya mjue safari imeiva. Mzaha gani ule? Uso haukuwa wa mzaha.

Mwaka juzi, kabla ya kurudi kwa daktari ile mara ya pili, nilimkumbatia mlangoni akienda kazini. Mikono ya fundi haihitaji tepu. Inchi mbili zilikuwa zimeondoka. Na nikasema nini? Nikasema, siku njema.

Ana suruali nne za kazini. Alipokuwa kazini nilichukua tatu, na ya nne usiku ule alipoivua. Nikafumua mshono wa nyuma, nikapunguza, nikapiga pasi, nikazirudisha kabatini kwenye mikunjo ile ile. Mkanda ungenisaliti — tundu lake lilikuwa limeshapanuka kwa kuzoea. Nikaufungua upande wa chuma, nikakata inchi mbili huko, nikafunga tena. Asubuhi akavaa. Tundu lile lile. Akajitazama kwenye kioo, akasema, bado nipo!

Nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi.

Nikarudia Machi iliyofuata. Nikarudia Julai. Mara ya mwisho mifuko ya nyuma ilikaribiana hadi ikawa karibu kubusiana, ikabidi niibandue na kuihamisha. Ile ilikuwa kazi ya siku mbili. Mashati nayo nikayabana ubavuni. Kazi safi. Hakuna fundi mtaani ambaye angegundua.

Nilisema moyoni, akijiona amepungua atakata tamaa, atalala asiinuke. Daktari si amesema bawasiri? Na bawasiri hazikondeshi mtu. Hilo nililijua. Sasa kwa nini sikusema? Nilikuwa chumba cha daktari ile mara ya tatu. Nimekaa kwenye kiti cha pembeni. Nesi akauliza, umepungua? Mwalimu akashika mkanda wake kwa majivuno, akasema nguo zinanikaa vilevile. Na mimi nikatazama viatu vyangu.

Jumanne, 26 Machi

Wakili ameomba picha. Chochote cha kuonyesha kwamba alikuwa anakonda wakati wao wanaandika 82. Binti amepekua simu nzima: mahafali ya shule, harusi ya jirani, siku ya kuzaliwa ya mjukuu. Picha zote Baba kapendeza! Uso umechongoka kidogo, lakini mwili umejaa ndani ya nguo. Binti akakata tamaa. Akasema, Mama, hebu ona, Baba alikuwa nadhifu mpaka mwisho, nani atatuamini?

Nilimwambia atafute tena.

Ushahidi upo. Upo kwenye daftari jekundu la vipimo, juu ya kabati la vitambaa. Mama aliyenifundisha kazi alikuwa mkali: ukiingiza mkasi kwenye nguo ya mtu, andika kwanza — tarehe, kipimo cha zamani, kipimo kipya. Mkono wangu umezoea, uliandika wenyewe. Hata kwa siri ile, uliandika! Mwalimu, kiuno. Juni 38, nilipozishona suruali zile. Novemba 36. Machi 33 na nusu. Julai 31. Kati ya gauni la bibi harusi na sare za kwaya.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda kwa wakili peke yangu. Nimeaga kwamba naenda kununua nyuzi. Nikamwekea daftari mezani, nikamweleza yote. Alikuwa anapitisha kidole kwenye namba, akarudia, akarudia.

Kisha akasema, mama, hiki ni kisu cha makali kuwili. Kinathibitisha kwamba inchi saba zilipotea, nne na nusu kabla ya ile mara ya tatu, na wao hawakuona. Pia kinamsafisha Mwalimu, hakuficha, alijibu alichokijua. Lakini watakuuliza wewe. Ulijua? Ndiyo. Ulisema? Hapana. Watajaribu kulipunguza kosa lao kwa lako. Na Mwalimu atakuwa amekaa pale pale anasikia.

Nikamuuliza, na bila daftari? Akasema bila daftari itabaki neno lao na neno lake, na faili limeandikwa kwa mkono wao. Mizani mbovu peke yake haitoshi.

Akaniambia jambo jingine, nadhani ni kwa huruma. Kazi ya daktari ilikuwa kumpima mgonjwa, si kuuliza habari za suruali. Damu miezi kumi na minne, ilitakiwa kamera, awe mnene awe mwembamba. Nimelibeba neno hilo njia nzima. Ni kweli. Lakini wao walikuwa na mizani mbovu, mimi nilikuwa na mizani nzima, mikono yangu hii miwili.

Hatalitoa bila ruhusa yangu. Kikao cha usuluhishi ni tarehe 18. Na Mwalimu asilisikie kwanza kutoka kwa wageni, amesema. Mwambie mwenyewe.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilijaribu. Alikuwa anasahihisha madaftari — bado wanamletea nyumbani, hataki kuacha darasa lake. Nikasema, Mwalimu, nina neno. Akasema, Fundi, ukinifokea kuhusu chumvi nakuapia sijaigusa. Nikacheka. Nikasema ndiyo, ni chumvi.

Mjinga mimi! Mjinga wa kutupwa!

Jumanne, 9 Aprili

Siku ya dawa. Saa tano nzima na sindano ya dripu mkononi. Muuguzi wa hapa ni mpole, anampima kwa mizani kila akija, nami kila mara nageuza uso. Leo 57. Mwalimu aliisoma namba mwenyewe. Akasema, sasa nimekuwa bei ya rejareja.

Daktari bingwa ametuita pembeni. Dawa hii imeanza kuchoka. Iko nyingine, kali zaidi, inaweza kumpa miaka, si miezi. Haipatikani hapa kwa wagonjwa wa kawaida, inaagizwa. Nimeuliza, tukishinda kesi? Akasema, basi mshinde mapema.

Kwa hiyo si habari ya kufuta ubao tu. Ni uhai wake. Nitawezaje kulificha daftari? Na nikilitoa, atanitazamaje kwa miaka hiyo nitakayomnunulia?

Jumatano, 17 Aprili

Nimepiga pasi suruali ya kesho. Safari hii alinipa mwenyewe, ananiambia nipunguze, inamdondoka. Akasimama kwenye kigoda, mikono juu kama mtoto. Nikampima kwa tepu. 28. Akasema, Fundi, kumbe ugonjwa huu umenila kwa kasi ya ajabu, tangu Agosti tu! Pini zilikuwa mdomoni mwangu. Nilishukuru kwa zile pini.

Alhamisi, 18 Aprili

Saa nne. Korido ya jengo la usuluhishi. Benchi gumu, sakafu ina harufu ya dawa ya kusafishia. Mkoba wangu magotini. Daftari jekundu limo. Sijampa wakili jibu. Amepita na viatu vyake, amenitazama, hakuuliza.

Wanaingia mmoja mmoja. Mwalimu ndiye wa kwanza.

Saa tano kasorobo. Sauti yake naisikia hadi huku. Sauti ya darasani! Mtu wa kilo 57 anapata wapi sauti ile?

Saa tano na robo. Daktari wa Miwani amepita. Amezeeka. Nilitaka nimchukie vizuri, lakini macho yetu yalipokutana wote wawili tuliyaondoa haraka. Nimejua namna ile ya kuondoa macho. Ni yangu.

Saa tano u nusu. Mapumziko. Mwalimu ametoka. Wamemuuliza mara nne kama alisema nguo zinamkaa. Ndiyo. Wakamwambia, kwa kipimo cha kitaalamu haiwezekani mgonjwa wa hali ile asipungue, basi ama alidanganya wakati ule au anadanganya sasa. Yeye! Mbele ya watu! Amesema hajawahi kuitwa mwongo maisha yake yote, na angalau alitaka afe jina lake likiwa safi.

Kisha akanishika mkono. Amewaambia: mimi kiuno changu sikijui, anayekijua ni fundi wangu. Muiteni mke wangu mumuulize kama suruali zilinipwaya. Atawaambia.

Wamekubali. Naingia mapumziko yakiisha.

Amekwenda chooni kumshughulikia Mkuu wa Shule. Naandika haraka, mwandiko hausomeki. Sitaki alisikie mle ndani. Sitaki kabisa. Dakika kumi zimebaki, labda nane.

Amerudi. Amekaa, bega lake kwenye bega langu. Ana kiu, ananiuliza maji yako wapi.

Nimemwambia yamo mkobani, chini ya daftari la vipimo. Litoe kwanza. Fungua kwenye jina lako.

Anauliza, jina langu linafanya nini kwenye daftari la wateja?